Kunguru na Bundi wa Fedha

Kunguru wa Athens alitangaza kuwa amekuwa mkusanyaji wa sarafu za kale. Jina hilo lilimpendeza kuliko lile la zamani, mdokozi.

Akaenda soko la Monastiraki, kibandani kwa Mbweha. Juu ya kitambaa cheusi zilikaa sarafu mbili zilizodaiwa kuwa tetradrakma za fedha za karne ya 5 KK: upande huu kichwa cha Athena, upande wa pili bundi, kijitawi cha mzeituni na mwezi mwandamo. (Kwetu bundi akitua juu ya paa, nyumba nzima haipati usingizi, wao walimchora kwenye pesa.) Moja ilikuwa ya kijivu, ina mkato wa patasi mgongoni mwa bundi. Nyingine iling'aa.

"Hiyo yenye kovu naionea aibu, tajiri," alisema Mbweha. "Hii babu yangu aliifukua akilima mizabibu. Cheti hiki hapa."

Cheti kilipigwa mhuri wa unyayo wa Mbweha mwenyewe. Kunguru alikisoma mara mbili. Sarafu hakuigeuza.

Akalipia ile inayong'aa, akampelekea Mzee Kobe, aliyeitia kwenye mizani: gramu 13.

"Imepungua kwa uzee, babu."

"Mjukuu wangu, bundi halisi ana gramu 17 na ushei. Huyu amepoteza gramu 4 na hajapoteza unyoya hata mmoja?" Akamwonyesha ukingo: mstari uliopigwa tupa, na vitundu vya hewa. "Hii imemiminwa kwenye kalibu. Zile ziligongwa kwa nyundo."

"Na ile yenye kovu?"

"Wafanyabiashara wa Misri na Shamu walizikata hivyo waone kama ni fedha mpaka ndani, maana zilikuwepo za shaba zilizovishwa fedha. Kovu hushusha bei, lakini ile imeshakaguliwa. Wala usilipie uzee: fedha ya machimbo ya Laurion ilitoa bundi wengi mno. Lipia picha iliyokaa katikati, kishungi cha kofia ya Athena kisichokatika, na uso usioliwa na kutu."

"Lakini babu yake Mbweha aliifukua!"

"Kama aliifukua hapa Ugiriki, ni mali ya serikali. Kama hakuifukua, cheti ni uongo. Wewe umelipia kipi?"

Kunguru hakujibu. Kesho yake alitandika kitambaa cheusi jirani na Mbweha, akaiuza sarafu ileile kwa Panya kwa bei maradufu. Cheti sasa kilikuwa na mihuri miwili.

Hatua chache kutoka hapo, katika Agora, soko la kale la Athens, sheria ya mwaka 375 KK ilimweka mtumwa wa umma kukagua fedha. Asipokaa kitini pake, viboko 50. Sarafu ya shaba iliyovishwa fedha ilikatwa papo hapo, ikawa mali ya Mama wa Miungu.

Kiti hicho leo hakina mtu. Anayekwenda Monastiraki na aende na mizani yake.