Spoku Tano na Kichwa cha Mjukuu

Anayesema kufuma kunatuliza akili hajawahi kufumia Shishiyu. Hapa kwetu Maswa, mkoani Simiyu, mtu hapiti mbele ya nyumba bila kusalimia, na salamu zenyewe si za kupungiana mkono. Huanza kwa Kisukuma, "mwangaluka mayu", yaani habari za asubuhi mama, ikaja habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, na kila swali likidai "mhola" yake, yaani nzuri. Mimi hapo nina vitanzi 74 kwenye sindano moja. Nafika cha 51, jirani huyo. Nikimaliza kumpa habari za ng'ombe niliowauza mwaka juzi, sikumbuki tena kama nilikuwa 51 au 15.

Chanzo cha yote ni sweta la mjukuu. Mwaka jana nilimnunulia la dukani, la mashine. Julai lilimtosha, Septemba mikono ikawa imepanda viwikoni. Na msinidanganye kwamba Usukumani hakuna baridi. Njooni Juni, saa kumi na mbili asubuhi, mtoto akiwa mlangoni anaelekea darasa la awali, mwone meno yanavyogongana. Shida ni kwamba saa tano jua litakuwa limemwakia hadi alivue mwenyewe na kulifunga kiunoni. Sweta la huku linatakiwa liwe jepesi, la kuvalika na kuvulika bila kuita mtu mzima.

Binti yangu aliyeko Dar es Salaam akanitumia maelekezo kwenye simu. "Mama, hii rahisi. Unaanzia shingoni unashuka. Hakuna kuunganisha vipande, na unamjaribishia mtoto katikati ya kazi." Nikayasoma kwa miwani, nikayarudia bila miwani, nikagundua kwamba aliyeyaandika anakaa penye theluji. Kola ndefu ya kukunja mara mbili, mikono ya kubana hadi kwenye vidole, na nafasi ya nguo tatu ndani. Mjukuu wangu ana shati moja, na vifungo vyake viwili vilishapotea.

Mtindo huo si mpya. Mmarekani Barbara Walker aliuandikia kitabu kizima mwaka 1972, "Knitting from the Top". Unagawa vitanzi vya shingo mafungu manne: mbele, nyuma na mikono miwili. Kwenye kila mpaka unaongeza kitanzi huku na huku, ndiyo kusema vitanzi 8 kwa mzunguko mmoja, kisha mzunguko unaofuata unapita bila kuongeza. Mistari minne ya mshazari inashuka kutoka shingoni hadi kwapani. Mkono wa namna hiyo huitwa raglani, kwa heshima ya Lord Raglan, jenerali wa Uingereza aliyekatwa mkono wa kulia baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815. Wazungu nao! Katika watu wote wenye mikono miwili, mkono wa sweta wakampa jina la mwenye mmoja.

Maelekezo yalidai mambo matatu. La kwanza, uzi wa sufu ya merino. Kondoo wetu wana mkia wa mafuta na nywele fupi za kupangusia mkono. Ukitaka sufu kwao utasubiri hadi kiama. Basi pamba? Nimekaa kwenye mkoa unaoongoza nchini kwa kulima pamba. Chumba changu cha pili kimejaa pamba hadi karibu na bati, inangoja kupelekwa AMCOS, chama chetu cha ushirika, kupimwa, na mjukuu anairukia kama godoro. Lakini pamba nyingi ya nchi hii husafirishwa nje ikiwa marobota, haijawa hata uzi. Nikapanda gari hadi Maswa mjini, nikatoka dukani na uzi wa akriliki, kitu kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Usiku nalala ukuta mmoja na pamba, mchana nafuma petroli.

La pili, sindano za mviringo zenye unene wa milimita 4. Sikuwa nazo, nikaenda kwa fundi baiskeli kuomba spoku. "Mayu, spoku za kazi gani na baiskeli huna?" Nikamwambia nafuma sweta. Akacheka hadi akaangusha pampu, lakini akanikatia spoku tano na kuzichonga ncha zote mbili kwenye jiwe la kunolea. Nne za kubeba vitanzi, moja ya kufumia. Ninapopumzika nazichomeka vipande vya gunzi kwenye ncha ili vitanzi visikimbie.

La tatu, kufuma kwanza kipande cha kupimia. Hapo nikachukia. Mimi mwalimu mstaafu wa sayansikimu, niliyewapigia wanafunzi kelele za kupima kabla ya kuanza hadi sauti ikakauka, leo nipimishwe na simu? Nikaanzisha vitanzi 68 kama yalivyoamuru, moja kwa moja.

Siku ya tisa nikamwita mjukuu aje ajaribu. Nikahamishia vitanzi kwenye uzi mrefu ili vinyumbuke, nikamvisha. Likaingia hadi kwenye paji la uso, likagoma. Nikavuta. Akavuta. Akaanza kupiga kelele kutokea ndani, akakimbia bila kuona, akapita katikati ya kuku, akaishia kwenye rundo la pamba chumbani. Tulipomchomoa, sweta la bluu ya shule lilikuwa limeota mvi. Jirani aliyekuja kwa salamu akatoa hukumu: "Mayu, kichwa hiki ni cha ukoo wenu."

Kichwa hakikuwa na kosa. Nilipima usiku ule kwa rula, kwa aibu. Maelekezo yalitaka vitanzi 20 katika sentimita 10. Spoku ni nyembamba, unene wake kama milimita 2 tu, na kwangu sentimita 10 zilikula vitanzi 28. Vitanzi 68 vilivyotakiwa kutoa shingo ya sentimita 34 vilikuwa vimenipa 24. Kichwa cha mjukuu ni sentimita 51. Nilikuwa nimemfumia kuku sweta, na kuku mwenyewe angelalamika.

Nikafumua kazi ya siku tisa kwa nusu saa. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nikamsimamisha mtoto, nikampima yeye, nikaiacha simu ilale. Vitanzi vya shingo 96: mbele 34, nyuma 34, kila mkono 14. Mizunguko 25 ya kuongeza, nikafika 296. Kwapani nikaongeza 6 kila upande, mwili ukawa na 180, sawa na sentimita 64 na ushee, yaani mtoto na shati lake moja na uji wake wa asubuhi. Kola ndefu nikaitupa. Kwenye bega nikaacha upenyo wa vifungo viwili ili kichwa cha ukoo kipite kwa heshima zake. Mikono nikaiachia wazi isibane.

Na hapa lazima nikiri, ingawa kukiri kunaniuma: kuanzia juu kuna faida. Kosa lilijitokeza mabegani, sikungoja hadi nimalize ndipo nilie. Tena pindo la chini na ncha za mikono ndizo humalizwa mwisho. Mwakani akirefuka nitafumua pindo, nitaokota vitanzi na kushuka tena sentimita kadhaa, bila kununua sweta jipya wala kugombana na mwenye duka.

Sasa sweta limevaliwa. Asubuhi linaenda shule mwilini, saa tano linarudi kiunoni, jioni linanasa pamba. Lakini majirani watatu wameshaleta vichwa vya wajukuu wao nivipime, na spoku ni zilezile tano. Kwa hiyo nawaomba wapita njia wote wa Shishiyu: mkiniona nimeinama na midomo inatikisika, si kwamba nimenuna, nahesabu. Simameni kimya mpaka nimalize mzunguko, ndipo mniambie mwangaluka. Na ng'ombe msiniulize, nilishawauza.