Sifa za Stesheni Isiyojua Haraka

Kilimanjaro umesifiwa mpaka umechoka. Uko kwenye kalenda, kwenye chupa za bia, kwenye ubavu wa mabasi. Leo naomba nafasi niisifu stesheni ya reli ya Moshi, ambayo sijasikia mtalii aliyepanda ndege kuja kuipiga picha, na hasa niusifu uvivu wake.

Uvivu huo ni wa kuzaliwa nao. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoshika kazi ikaishiwa fedha, serikali yao ikaichukua reli mwaka 1899, na treni ikaingia Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18: piga hesabu, haifiki kilomita 20 kwa mwaka. Kobe mwenye nia angeshafika, akaoa, akajenga.

Ilipofika chini ya mlima, reli ikautazama, ikaketi. Boma la wakubwa lilikuwa juu, Old Moshi, kwenye himaya ya Mangi Rindi na mwanawe Meli. Treni haikwenda huko. Basi ofisi zikashuka, maduka yakashuka, watu wakashuka, na mji ukaota pembeni mwa mataruma. Mawenzi, Kiboriloni, Majengo, na barabara zote tunazojivunia kwa usafi, zina deni kwa treni iliyoogopa mwinuko. Ingekuwa na bidii, leo tungekuwa tunauza mitumba kwenye makorongo. Hata safari ya kwenda Arusha ilisubiri mpaka mwaka 1929, na waliojenga kipande hicho walikuwa Waingereza.

Waingereza hao walikwishaifanyia stesheni fadhila nyingine, ingawa hawakuikusudia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walivuta reli yao kutoka Voi hadi Kahe, jirani tu na Moshi, ili wampige Mjerumani vizuri. Vita vikaisha, reli ikabaki, na kahawa ya vihambani ikapata mlango wa Mombasa pamoja na ule wa Tanga. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, njia za kutokea zilikuwa mbili, moja ya amani na moja ya mizinga. Ya kwenda Dar es Salaam tuliingoja hadi mwaka 1963, pale Ruvu ilipounganishwa na Mnyusi.

Sasa niseme juu ya miaka yake bora. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la pamoja la reli likagawanywa. Kufikia miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma kuja kabisa. Kwa zaidi ya miaka ishirini stesheni ikapumzika, majani yakamea kati ya reli, mbuzi wakashika zamu. Katika muda wote huo haikuchelewesha abiria hata mmoja, haikupoteza begi la mtu, haikupandisha nauli hata Krismasi. Mwenye basi anayeweza kusema hivyo ajitokeze.

Desemba 2019 ikaamshwa. Treni huondoka Dar alasiri na kutufikia asubuhi ya pili, muda ambao basi lingeweza kwenda na karibu kurudi. Lakini reli ni moja: dereva hana wa kumpita kwenye kona, wala wa kushindana naye kuelekea Same. Abiria anafika amelala, amekula, amejua ukoo mzima wa jirani yake wa behewani.

Nenda stendi ya mabasi uone tofauti. Hujashusha mguu, wapiga debe wanne wameshika begi lako, kila mmoja na basi "linaloondoka sasa hivi", na ndani yake kuna abiria watatu. Stesheni hakuna anayekuvuta shati. Mlinzi anakuitikia salamu, mama wa chai anakumiminia kikombe, bodaboda wawili nje wanaendelea na maongezi yao mpaka wewe mwenyewe uwaite. Heshima hiyo mjini imeadimika.

Ndugu zangu mnaopanda kwenda kula Krismasi Rombo, Marangu na Machame, kateni tiketi mapema. Desemba ndio mwezi pekee ambao watu wote wanaikumbuka treni kwa pamoja, na mabehewa hayaongezeki kwa kupigiwa kelele.