Rezista Haina Kosa

Hongera, fundi wetu wa sebuleni. Amplifaya ya hedifoni uliyoiunga mwenyewe imefuka moshi, na mshtakiwa umeshampata: rezista nyeusi kama masizi. Umeing'oa, ukachomelea nyingine nene, ya wati 2 badala ya robo wati. Sasa rezista iko salama salimini; kinachofuka ni transfoma.

Rezista haijiunguzi, bwana. Imebebeshwa umeme kupita kiasi, pengine na transista iliyopiga shoti, au na ile kapasita uliyoigeuza, hasi ikakaa kwenye chanya. Mita unayo, bado imo ndani ya nailoni yake. Itoe, upime transista kabla hujawasha tena. Na hedifoni zako za bei mbaya zichomoe kwanza: mkondo mnyoofu wa volti 12 unaweza kuziunguza koili.