Tondozi ya Msafiri wa Miaka Miwili

Sifa zote njema ni za Mola. Zinazobaki baada ya hapo naomba zigawiwe mtoto wa miaka miwili anayetolewa matembezi siku ya Oktoba 14.

Najua wapo watakaoguna. Watasema huyu si ndiye aliyetapika garini pale Mtoni kwa Aziz Ally? Si ndiye aliyerusha kiatu kimoja dirishani, akabaki na cha pili akikiangalia kwa huzuni? Si ndiye aliyelilia puto mpaka akanunuliwa, akaliachia lipae, kisha akalilia lile lililokwenda mbinguni na kulikataa jipya la rangi ileile? Yote ni kweli, sikanushi hata moja. Lakini watunzi wa tondozi tangu zamani wamesifu wanyama na vitu visivyo na shukrani, na huko kwa wenzetu, katika karne ya 2, Lucian wa Samosata aliandika kwa Kigiriki sifa za nzi, akazipanga kwa ufasaha wote wa mahakamani. Kama nzi alipata wakili, mtoto wetu wa Mbagala, Dar es Salaam, atakosaje?

Kwetu hakuna ule msimu wa majani kupukutika ambao watu wa Ulaya na Marekani huutumia kupeleka watoto mashambani wakachague maboga. Maboga yetu yako sokoni Tandika, na sijamwona mtu akipiga nayo picha. Sisi tuna vuli. Kusi imechoka kuvuma, kaskazi haijaanza, bahari iko katika maleleji, maembe yananenepa mitini na mvua inanyemelea. Katikati ya hayo ndipo inapoangukia Siku ya Nyerere, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu mwaka 1999. Ofisi zimefungwa, joto la Januari bado liko mbali, na watu wa Temeke wanakwenda Kinondoni kuona bahari huku watu wa Kinondoni wakivuka kwenda Kigamboni kuona bahari hiyohiyo. Kigamboni yenyewe ilikuwa Temeke mpaka ilipopewa wilaya yake katikati ya miaka ya 2010. Fukwe nzuri za Temeke zikahamia kwa jirani bila mchanga kusogea hata punje. Mtoto wa miaka miwili hajali mipaka hiyo. Yeye anakwenda “baali”, na baali iko popote penye maji, hata pale bomba la mtaa lilipopasuka.

Tuanze na maandalizi. Mtu mzima akitoka peke yake hubeba simu na nauli, kisha anajiona huru. Mtoto anamfundisha kuwa hana uhuru wowote. Begi linajaa pampasi, uji kwenye chupa ya chai, biskuti, maji, nguo za kubadili, kofia ambayo hataivaa, na khanga pea nzima: upande mmoja wa mbeleko, upande mmoja wa kutandika. Msafara umepangwa kuondoka saa mbili asubuhi. Saa mbili kamili, viatu vimeshafungwa na mlango umeshatiwa kufuli, uso wa mtoto unabadilika rangi, anasimama pembeni akiwa ameshika ukuta, ametulia kwa namna ambayo kila mzazi anaijua. Kufuli linafunguliwa. Saa nne tunaondoka. Katika muda huo baba amegundua kuwa simu haikuwa na chaji, na mama amekumbuka jiko halikuzimwa. Nani mwingine katika nyumba hii angetuzuia kwa busara kiasi hicho?

Sasa tupande daladala, maana hapa ndipo sifa zake zinapokolea.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto, ulisema, asibanwe kwenye kigari, kwenye kiti wala mgongoni mwa mtu kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Sidhani kama kuna aliyezisomea foleni za Barabara ya Kilwa mwongozo huo. Mtoto hajausoma pia, lakini anautekeleza. Ikikaribia saa moja anaanza kunyoosha mgongo kama upinde, anateleza kutoka mapajani hadi sakafuni, na huko chini anakuta tundu la msumari ambalo hakuna abiria aliyewahi kulitilia maanani tangu gari lisajiliwe.

Kabla ya hapo, lakini, kuna suala la siti.

“Mama, mpakate dogo, hiyo siti ya mtu.”

“Kwani huyu siyo mtu?”

“Analipa nauli?”

Hapo anaingilia mama mmoja mtu mzima aliyekaa dirishani. “Konda, acha maneno. Mlete huku mwanangu, mlete kwa bibi yake.” Hajawahi kumwona mtoto huyu wala mama yake, lakini tayari ni bibi. Anampakata, anamfuta kamasi kwa ncha ya khanga yake, anamuuliza kama ameshakula. Bibi anashuka vituo viwili mbele, anampokeza kijana mwenye visikizi masikioni, ambaye tangu Rangi Tatu hakuwa amemtazama mtu usoni. Kijana anaambiwa “Shika mpwa wako”, naye anamshika. Visikizi vinatolewa, kwa sababu mtoto ameshavivuta. Mpaka gari lifike Uhasibu, mtoto huyu amepata bibi, mjomba, na shangazi anayefanya biashara ya mitumba Karume, ambaye ameshamwambia mama yake bei halisi ya magauni ya watoto na jinsi ya kumkwepa mchuuzi anayezidisha. Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na wengi wetu tunapanda gari moja kila siku bila kusalimiana. Sijaona mkutano wa hadhara uliotufanya ndugu kwa kasi hiyo.

Tena ni msema kweli. Gari zima limeona kuwa bwana aliyesimama karibu na mlango ana kipara kinachong'aa, na gari zima limestahi. Yeye anakinyooshea kidole na kutangaza, “Kipala!” Bwana mwenyewe ndiye anayecheka wa kwanza. Ningelisema mimi neno hilo, tungeshushwa wote wawili.

Safari ni hatua, walisema wahenga, na watafiti wakaenda kuzihesabu. Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York waliwafuatilia watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa hiari yao, wakachapisha matokeo mwaka 2012: kwa wastani hatua 2,368 kwa saa, na kuanguka mara 17. Wetu ameuvuka umri huo, lakini kazi anaiendeleza kwa moyo uleule. Hatua hizo haziendi mahali. Ukimshusha kituo cha Makumbusho na kumwonyesha liliko geti la Makumbusho ya Kijiji tunakokwenda, atapiga hatua mia mbili na bado mtakuwa mmesimama mlipokuwa, isipokuwa sasa ana kizibo cha soda mkononi na kingine mdomoni.

Na ndipo anapoanza kazi ya ukaguzi wa jiji, kazi ambayo hakuna aliyempa wala anayemlipa. Wewe umepita njia hii miaka yote ukiamini ni njia ya waenda kwa miguu. Shika mkono wa mtoto wa miaka miwili, utaona: mtaro hauna mfuniko, bodaboda inakuja juu ya njia kutoka upande usiotarajiwa, kivuli kimekatwa kupisha bango, na choo cha karibu kipo baa, ambako mhudumu atakutazama mpaka ununue kitu. Mtoto anaipima miundombinu kwa urefu wa goti, na kwa kipimo hicho jiji letu linafeli karibu kila somo. Kama ningekuwa na madaraka, kila anayechora barabara ya mji huu angepewa mmoja wa kuazima kwa siku nzima, na begi lake. Hapo tungeona kama mitaro ingebaki wazi. Na pengine angejiuliza kwa nini familia kutoka Mbagala ivuke jiji zima kutafuta nyasi za mtoto kujigaragaza, wakati viwanja vya wazi vya kwao vilikuwepo kabla havijageuka fremu za maduka.

Turudi kwenye starehe. Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama yalianzishwa miaka ya 1960 ili kukusanya mahali pamoja nyumba za asili za makabila ya nchi hii. Kuna msonge wa Wahaya, kuna nyumba ya Wazaramo wenyewe wenye mji, na nyingine nyingi ambazo mtu mzima huzipita akisoma vibao na kutikisa kichwa. Mtoto alivutiwa na kuku. Kuku alikuwa na vifaranga. Tulikaa na kuku huyo muda ambao ungetosha kuzunguka kijiji chote mara mbili. Lakini tulipoingia kwenye msonge, sisi wakubwa tuliinama ili tupite mlangoni, na mmoja wetu akajigonga utosi, naye akapita wima, mikono nyuma, kwa hatua za mzee aliyerudi kwake. Kuhusu makabila ya Tanzania alijifunza jambo moja, kwamba yalijenga milango kwa vipimo vyake.

Ngoma zilipoanza, akalala. Hiyo nayo ni fadhila. Ana kipaji cha kulala pale tu kitu kilicholipiwa kinapoanza, na kuamka pale kitu kisichohitajika kinapopita, hasa baiskeli ya lambalamba yenye muziki. Mwongozo uleule wa 2019 unampa mtoto wa umri wake saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku. Anazipata zote, ila hakuna mahali palipoandikwa kwamba ziwe za usiku.

Alasiri tukafika Coco Beach. Kuna harufu ya mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili, moshi wa mishikaki, na watu wengi kiasi kwamba bahari yenyewe unaiona kwa kuomba njia. Tumesafiri nusu siku kumleta mtoto majini. Mtoto akayatazama maji. Hapa pwani, siku za bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita tatu, na siku ile maji yalikuwa yanapanda. Wimbi moja dogo likamfuata mpaka miguuni, likarudi, likamfuata tena. Akatoa uamuzi: bahari ni mbaya. Akaipa mgongo, akakaa chini, akaanza kuchota mchanga kwa kizibo cha soda. Mchanga! Mbagala nzima imekaa juu ya mchanga. Nyuma ya nyumba yetu upo wa kutosha kujenga ghorofa. Lakini kumbuka kuwa alikuwa na furaha kuliko mtu yeyote katika ufukwe ule, na kwamba sisi tuliokuja kwa ajili ya bahari tulikuwa tumeshika simu, tukitafuta pembe ambayo haitaonyesha watu wengine mia tatu.

Kisha vuli ikajikumbusha. Wingu likaja kutoka baharini, matone makubwa, watu wakakimbilia kwenye mabanda wakiwa na viti vichwani. Akina dada waliosuka asubuhi walivaa mifuko ya plastiki. Mtoto alichomoka mkononi akaingia kwenye dimbwi la kwanza lililojitokeza, akaruka kwa miguu miwili, na kucheka kicheko ambacho banda zima la mihogo liliacha kula ili kukisikiliza. Maji haya hayakuwa na ubaya wowote. Hayakumfuata mtu.

Kuhusu safari ya kurudi nitasema machache. Dereva wa bajaji akiona mtoto amelala begani na wingu bado zito, nauli hupanda bila yeye kufungua mdomo, na hakuna mzazi mwenye nguvu za kubishana. Saa nane usiku mtoto aliamka akiwa amepumzika vizuri, akatuita mmoja mmoja kwa majina, na kuomba kwenda kwa kuku.

Wapo wanaowaacha nyumbani watoto wa umri huu “mpaka wakue kidogo”. Nimekwenda matembezi na watu wa aina hiyo. Tulifika kwa wakati, tukala, tukapiga picha nzuri, tukarudi kwa wakati, na hakuna yeyote garini aliyetuita mwanangu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako msomaji, likufikie kabla ya Oktoba 14 ijayo. Ukiwa umekaa kwenye daladala na ukaona mzazi amesimama akiwa na begi upande mmoja na mtoto upande mwingine, usijifanye umelala. Nyoosha mikono, sema “Mlete huku”, na umpakate mpaka utakaposhuka. Ila mwangalie mkononi kwanza. Kama ana lambalamba, mpakate akiwa ametazama dirishani.