Acha Kuwapasha Moto Mchwa: Mwongozo wa Kusikika Mita 160

Usimwamini mtu anayejisifia SWR ya 1:1 kwenye bendi ya mita 160. Mwanaredio wa ridhaa hufunga antena yake ya wima, akaona sindano imetulia pale pale anapopenda, akaenda kulala fofofo akisubiri mashindano. Mwamshe. Antena ya wima ya robo wimbi, ambayo kwa 1.8 MHz ni kama mita 40 kwenda juu, ikisimama juu ya ardhi kamilifu ina ukinzani wa omu 36 hivi. Kebo zetu ni za omu 50. Antena safi, basi, ingeonyesha SWR ya karibu 1.4. Ukipata 50 kamili, uliza hizo 14 za ziada zimetoka wapi. Zimetoka udongoni, na zaidi ya robo ya wati zako zinawapasha moto mchwa.

Huyo ni mwenye mlingoti wa mita 40. Mwenye mita 20 ana hali ngumu zaidi: ukinzani wa kurusha hushuka hadi omu 6 au 7. Udongo ukidai omu 20, wati 100 zinazotoka kwenye mashine zinafika hewani 25. Mwenye mita 20 apandishe waya hadi juu, kisha aulaze kuelekea mnazi wa jirani, baada ya kuongea na jirani. Umbo hilo la L iliyopinduliwa huongeza ukinzani wa kurusha zaidi ya mara mbili, bila kununua bomba hata moja.

Atatokea mjuaji wa kukwambia utundike daipoli, mambo yaishe. Mkatalie kwa upole. Daipoli ya mita 160 ina urefu wa karibu mita 80, na ikining'inia mita 10 juu ya ardhi hurusha nguvu zake moja kwa moja angani, zikarudi kwa majirani wa mikoa ya karibu. Kwa kusalimiana Dar es Salaam na Dodoma inafaa sana. Lakini mashindano ya Stew Perry huhesabu pointi kwa umbali, na CQ World Wide hukupa pointi 3 kwa bara jingine na 1 tu kwa nchi nyingine ya bara lako. Stesheni ya Tanzania (5H) au Kenya (5Z) iko kanda ya 37, kanda ambayo Ulaya na Marekani nzima huitafuta usiku kucha. Wape mawimbi yanayoruka chini chini, yafike.

Sasa ingia kazini: waya za ardhini. Mwaka 1937 Brown, Lewis na Epstein wa kampuni ya RCA walichapisha vipimo vyao, na tangu hapo stesheni za utangazaji zimezoea kutandaza waya 120. Wewe huhitaji zote hizo. Ukiwa na mita 160 za waya, usikate vipande vinne vya mita 40. Kata 16 vya mita 10, maana hasara kubwa iko karibu na shina la antena. Kisha piga magoti pale shinani na kipimo mkononi. Tuseme una mlingoti mzima wa mita 40 na kipimo kinasoma omu 58. Ongeza waya nne: 51. Nne tena: 46. SWR, iliyokuwa imepita karibu kabisa na 1:1, sasa inapanda, na ndipo upige vigelegele, kwa sababu udongo unaachia ulichokuwa unaunyima ulimwengu. Namba ikigoma kushuka, acha, kanawe mikono.

Aliye pwani ana bahati ambayo wa bara wanaililia. Maji ya chumvi hupitisha umeme kama mara elfu moja zaidi ya udongo wa kawaida. Simamisha antena ukingoni mwa bahari, uone. Ila soma kwanza jedwali la maji, usije ukafunga mitambo yako mahali ambapo bamvua litaichukua, na usikate mkoko hata mmoja.

Usisubiri mashindano ndipo ujue kama unasikika. Tumia WSPR, programu ya Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya mwaka 1993: wati chache tu, na vipokezi vya mbali vinakuripoti kwa desibeli. Linganisha antena mbili kwa kupokezana usiku kucha, kwani ripoti moja haisemi kitu. Mawimbi hufifia na kurudi dakika hadi dakika.

Na siku yenyewe, CQ World Wide huanza saa 9 usiku kwa saa zetu, Jumamosi. Usichoke mapema. Kuelekea saa 12 asubuhi, jua linapokaribia kuchomoza kwetu, mashariki ya Marekani bado ni usiku, na kwa muda mfupi njia hufunguka vizuri kuliko saa nyingine yoyote. Kaa kitini mpaka wa mwisho aache kukuita. Vitumbua vitasubiri.