Pongezi kwa Gavana Anayejua Kupima

Kwa Mheshimiwa Gavana na Baraza lako la Mawaziri,

KUH: PONGEZI KWA KUPIMA MAMBO KWA MAKINI

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka mashinani, ambako mvua imenyesha na barabara imeondoka nayo. Sote tu wazima, isipokuwa wagonjwa, na hao hatuna habari zao kwa kuwa zahanati imefungwa.

Nimeshika kalamu kukupongeza. Wapo wanaodai kwamba serikali yako huamua mambo bila kupima. Wanakusingizia. Mnapima, tena sana: wadi hii ina kura ngapi, mwanakandarasi yule ni shemeji wa nani, na jengo likisimama litaonekana kutoka barabara kuu au la.

Kifungu cha 203 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeorodhesha mambo 11 ya kuzingatiwa mapato ya taifa yanapogawanywa: mahitaji ya maendeleo, tofauti za kiuchumi baina ya kaunti, haja ya kuwainua walioachwa nyuma, hata matayarisho ya dharura. Fungu likichelewa, tunakusikia redioni ukiyataja moja baada ya jingine kama shehe anayefasiri aya. Pesa zikishaingia makao makuu ya kaunti, orodha hiyo hatuisikii tena. Wadi ile kame uliyoililia Nairobi kwa umaskini wake, ukirudi nyumbani unainyima kwa umaskini huohuo: watu wake wachache, kura zake haba, na gari lako haliwezi kufika.

Asante pia kwa zahanati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinazuia mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Nia ilikuwa njema. Lakini katika vitabu vya mhasibu, ukuta ni maendeleo, muuguzi ni matumizi ya kawaida. Basi ukajenga ukuta, ukakata utepe, ukaondoka na makasi. Mishahara michache iliyoruhusiwa, tunasikia, imewatosha washauri wako, ambao kwa neema ya Mungu hawatibiwi huku.

Ushirikishwaji wa umma nao hamkuusahau. Tangazo lilitoka katika gazeti ambalo huku tunalijua kwa kufungia maandazi. Mkutano ukafanyika hotelini mjini, na kitabu cha bajeti kilikuwa kimeshachapishwa, kinene, kwa Kiingereza. Mama mmoja aliomba kisima. Akaambiwa kwamba maoni yake ni mazuri mno na yamenukuliwa. Hadi leo yamenukuliwa. Yeye alikunywa soda akarudi mtoni na ndoo yake, na makao makuu yakapata lango jipya.

Mheshimiwa, tunajua pesa hazitoshi. Hata angekuwapo malaika katika kiti chako, angelazimika kuchagua kati ya kisima na chekechea, kati ya dawa na daraja. Hatugombani nawe kwa kuchagua. Tunagomba kwa kuwa huchagulii mbele yetu.

Kwa hiyo nina ombi moja, wala halihitaji zabuni. Kabla makadirio ya bajeti hayajafikishwa katika bunge la kaunti tarehe 30 Aprili, bandikeni orodha mbili katika kila ofisi ya wadi: miradi mliyoichagua na miradi mliyoiacha. Kando ya kila mradi andikeni gharama yake na sababu ya uamuzi wenu, kwa Kiswahili. Kama lango lilikishinda kisima, tuelezeni lilikishinda kwa lipi. Mwenye sababu safi haogopi karatasi ukutani.

Tukinyimwa kwa sababu iliyoandikwa, tutabishana nawe mchana, uso kwa uso. Tukinyimwa kimyakimya, uchaguzi ni Agosti 2027.

Ni mimi,
Mlipa ushuru wa soko