Bunduki Inayooga Maji ya Moto

Bunduki ya Mosin-Nagant iliingia jeshi la Urusi mwaka 1891, ikalala matopeni katika vita viwili vya dunia. Leo baadhi ya bunduki hizo zimestaafu Marekani, ndani ya makasha ya chuma yenye kifaa cha kukausha hewa, zikipanguswa kwa vitambaa laini kuliko taulo la mgeni.

Mapenzi hayo ya wakusanyaji hayatoshi. Risasi nyingi kuukuu za Kisovieti zina viwashio vinavyoacha chumvi mtutuni. Chumvi huvuta unyevu, kutu ikafuata. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, yawe ya bei gani. Maji ya moto huiyeyusha. Basi bwana mkusanyaji, mwenye rafu nzima ya vichupa vya mafuta, huishia kuchemsha birika.

Na kwenye kulenga shabaha je, vifaa vya bei ni lazima? Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 wapiga bastola wengine walivaa lenzi maalumu na vikinga-jicho. Mturuki Yusuf Dikeç, miaka 51, alikuja na miwani ya kawaida, mkono mfukoni (wapiga bastola wengi hufanya hivyo ili mwili usiyumbe). Kutoka mita 10, duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5 tu. Yeye na Şevval İlayda Tarhan walitwaa medali ya fedha, na picha yake ikazunguka dunia kabla mtu hajauliza dhahabu ilikwenda wapi.

Ilikwenda Serbia.